Wino Ukaao Juu ya Karatasi: Pigmenti na Picha za Kung'aa

Katika nyumba nyingi ipo picha moja iliyotundikwa ukutani kwa heshima: picha ya arusi, ya mahafali, au ya mzee aliyekwisha kuiaga dunia. Kwa kuwa picha hiyo huangaliwa kila siku, mabadiliko yake hayatambuliki upesi. Hatimaye fremu hufunguliwa ili kioo kipanguswe vumbi, na hapo watu wa nyumbani hushtuka. Ukingo mwembamba uliokuwa umefichwa na ubao wa fremu bado una rangi zake kamili, lakini sehemu nyingine yote imepauka. Buluu ya anga imegeuka kijivu, nyuso zimekuwa na rangi ya machungwa, na maua ya bibi arusi hayajulikani tena yalikuwa ya rangi gani. Mwanga na hewa vimefanya kazi yao kimyakimya.

Miongoni mwa picha zinazochapwa kwa printa za kurusha wino, msiba huu huzipata zaidi zile za wino ambao rangi yake imeyeyushwa katika maji. Kwa sababu hiyo wachapaji wengi wa picha zinazokusudiwa kudumu wamehamia wino wa aina nyingine, ambao rangi yake haiyeyuki, bali huelea majini kama chembechembe ndogo sana. Rangi ya namna hiyo huitwa pigmenti. Wino wa pigmenti hustahimili mwanga vizuri. Walakini, ukitiwa juu ya karatasi ya picha iliyo laini na ya kung'aa, huonyesha tabia zinazowashangaza wengi: mng'ao hupungua mahali pamoja na kubaki mahali pengine, sehemu za giza hupata wekundu wa shaba zinapotazamwa kwa upande, na ukucha ukipita juu yake huacha alama. Uimara huo na taabu hizo vyatoka katika asili moja, nayo ni kwamba rangi imo katika chembe zikaazo juu ya karatasi. Anayeifahamu asili hiyo ataweza kuchagua wino na karatasi kwa akili badala ya kubahatisha.

Rangi iyeyukayo na rangi ya chembe

Tofauti ya aina hizi mbili za wino yaweza kuonekana jikoni. Majani ya chai yakitiwa katika maji ya moto, rangi yake huenea na maji hubaki angavu, hata mtu aweza kuona chini ya gilasi. Chai hiyo ikipitishwa katika karatasi ya kuchujia, rangi hupita pamoja na maji. Chokaa ya kupaka ukuta ikikorogwa majini, hali huwa nyingine. Maji huwa meupe kama maziwa wala macho hayapenyi. Yakiachwa, chokaa hutuama. Yakichujwa, sehemu kubwa ya weupe hubaki juu ya karatasi. Rangi ya chai imeyeyuka, yaani imegawanyika hadi kufikia molekuli mojamoja. Chokaa imebaki katika chembe, na kila chembe ina atomu nyingi mno zilizoshikamana.

Mapambo ya wanawake wa pwani nayo yatoa mfano mzuri. Hina huingia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kushikamana nalo, hata mtu akinawa mara nyingi haitoki upesi. Wanja ni unga mweusi ukaao juu tu: weusi wake haupauki kwa jua, lakini kidole kikipita huufuta. Wino wa kuyeyuka hufanana na hina. Wino wa pigmenti hufanana na wanja.

Binadamu ameijua pigmenti tangu zamani sana. Michoro ya miambani ya Kondoa, katika Tanzania ya kati, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, ilichorwa kwa sehemu kubwa kwa udongo ambao wekundu wake watokana na oksaidi ya chuma. Wamisri na Wachina wa kale waliandika kwa wino wa masizi, yaani kaboni, uliochanganywa na gundi ili masizi yashikamane na kitu kilichoandikwa. Maandishi yao yangali meusi hadi leo. Gundi hiyo yafaa ikumbukwe, kwa maana ndiyo inayoshika ufunguo wa mambo yatakayoelezwa mbele.

Pigmenti za wino wa picha wa siku hizi husagwa mpaka kipenyo cha chembe kiwe takriban nanomita 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ikiwa unywele wa mtu una unene wa maikromita 70, chembe 700 zingeweza kupangwa upande kwa upande kuuvuka unywele huo. Hazina budi kuwa ndogo hivyo, kwa sababu matundu ya printa yanayorusha wino ni membamba kuliko unywele, na chembe kubwa zingeyaziba. Chembe ndogo kiasi hicho husukumwa huku na huku na molekuli za maji, katika mwendo uitwao mwendo wa Brown, kwa hiyo hutuama polepole sana. Aidha, watengenezaji huzivika chembe polima zenye chaji hasi ili zifukuzane zisigandamane. Hata hivyo, muda ukiwa mrefu baadhi hutuama, na ndiyo sababu wino wa pigmenti uliokaa sana aghalabu hutakiwa kutikiswa taratibu kabla ya kutumiwa.

Karatasi yenye matabaka

Karatasi ya picha ya kung'aa imejengwa kwa matabaka. Katikati mna karatasi ya kawaida ya nyuzi za miti. Pande zake mbili hufunikwa kwa polithini nyembamba, ili maji yasizifikie nyuzi na kuikunja karatasi. Juu ya polithini ya upande wa mbele hupakwa tabaka la kupokea wino, lenye unene wa makumi machache ya maikromita. Uso wa tabaka hilo hulainishwa mpaka ukakaribia ulaini wa kioo.

Tabaka la kupokea wino huwa la namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kuvimba. Hutengenezwa kwa jelatini au polima nyingine inayopenda maji, nayo hunywa wino na kuvimba kama punje ya mchele inavyovimba ndani ya chungu. Rangi iliyoyeyuka huzama humo, na tabaka likikauka huifungia ndani isifikiwe na hewa kwa urahisi. Pigmenti haziwezi kuzama namna hiyo. Hubaki juu pamoja na wino uliochelewa kukauka, zikachafua kila kinachozigusa. Kwa hiyo karatasi ya kuvimba haiufai wino wa pigmenti.

Namna ya pili ni ya vitundu. Chembe ndogo mno za silika au alumina hushikizwa kwa gundi kidogo, na kati yake hubaki nafasi nyingi ambazo upana wake ni makumi machache ya nanomita. Maji ya wino huvutwa humo na nguvu ya kapilari, ile ile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi wa koroboi. Ndiyo sababu picha hutoka katika printa ikionekana kama kavu.

Safari ya tone moja

Hesabu ndogo, iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari, itaonyesha kinachotokea tone la wino linapoanguka juu ya karatasi ya vitundu. Ichukuliwe kwamba tone lina ujazo wa pikolita 4, yaani mita za ujazo 4 × 10⁻¹⁵. Tone hilo likiwa mviringo kamili, kipenyo chake ni maikromita 20 hivi. Ichukuliwe tena kwamba pigmenti ni asilimia 4 ya ujazo huo. Basi pigmenti yote iliyomo ni mita za ujazo 1.6 × 10⁻¹⁶. Chembe moja yenye kipenyo cha nanomita 100 ina ujazo wa mita 5.2 × 10⁻²². Hesabu ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, jibu ni chembe laki tatu na zaidi kidogo, zote ndani ya tone lisiloonekana kwa macho.

Tone likigusa karatasi, maji huzama ndani ya vitundu kwa muda mfupi sana. Lakini chembe yenye nanomita 100 haiwezi kuingia katika kitundu chenye nanomita 20 au 30. Karatasi huwa kichujio, nayo pigmenti hubaki juu kama ilivyobaki ile chokaa. Zaidi ya hayo, tabaka hilo aghalabu hupewa chaji chanya, hivyo chembe zenye chaji hasi hunaswa papo hapo kabla hazijaenea. Faida yake ni kwamba doa huwa na ukingo safi.

Sasa ichukuliwe kwamba doa hilo lina kipenyo cha maikromita 40. Eneo lake ni mita za mraba 1.26 × 10⁻⁹. Ujazo wa pigmenti ukigawanywa kwa eneo, hupatikana unene wa wastani, nao ni nanomita 130 hivi. Namba hiyo yastahili kutazamwa mara mbili. Unene wa doa zima wazidi kidogo tu kipenyo cha chembe moja! Mahali penye tone mojamoja, picha ya pigmenti ni chembe zilizotandazwa karibu tabaka moja tu, mfano wa changarawe iliyomwagwa juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri. Mtu akiielewa sakafu hiyo, ameelewa sehemu kubwa ya tabia za wino huu.

Kung'aa ni nini?

Mwanga ukiangukia wima juu ya kitu kama polima, ambacho fahirisi yake ya mpindo ni 1.5, asilimia 4 ya mwanga huakisiwa pale pale usoni kabla haujaingia ndani. Uso ulio laini huirudisha sehemu hiyo kwa mwelekeo mmoja, kama kioo. Mtazamaji huona mwako mkali akiwa amesimama mahali fulani, na akigeuza picha kidogo mwako humkwepa. Uso wenye vinundu huitawanya asilimia hiyo pande zote, na mtazamaji hawezi kuikwepa popote asimamapo. Uso wa kwanza husemwa unang'aa. Wa pili husemwa umefifia.

Vinundu vyawezaje kuhesabiwa kuwa vikubwa au vidogo? Kanuni ihusishwayo na mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh yasema kwamba, kwa mwanga uangukao wima, uso waweza kuhesabiwa kuwa laini ikiwa urefu wa vinundu vyake haufikii sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi la mwanga. Urefu wa wimbi la mwanga wa kijani ni takriban nanomita 550, na sehemu ya nane yake ni nanomita 69. Chembe ya nanomita 100 imekipita kipimo hicho. Kwa hiyo pigmenti zilizo tupu, zikikaa juu ya karatasi iliyokuwa laini kama kioo, hazina budi kuupunguza mng'ao wake.

Kanuni hiyo hiyo yaonyesha kwamba mwanga ukija kwa mlalo, kipimo hulegea. Mwanga uangukao kwa nyuzi 60 kutoka wima huruhusu vinundu vya urefu mara mbili ya vile vya kwanza. Jambo hili ni rahisi kuhakikisha. Daftari la kawaida likiinuliwa mpaka usawa wa macho na kuelekezwa dirishani, karatasi yake iliyofifia huanza kung'aa.

Kupungua kwa mng'ao peke yake si aibu kubwa. Picha yote ikififia sawasawa, macho huizoea. Taabu ni kwamba mng'ao hutofautiana. Mahali palipo peupe kabisa, kama vile shela ya bibi arusi, printa haitii wino wowote, na karatasi hung'aa kama ilivyotoka kiwandani. Mahali pa kivulivuli pana madoa yaliyoachana, na uso ni wa vinundu. Mahali penye giza pana matone mengi yaliyofunikana, na chembe zimejazana zikafanya uso wa namna ya tatu. Picha ikishikwa kando ya dirisha, sehemu hizo tatu huonekana kama viraka vya ngozi mbalimbali. Picha za wino wa kuyeyuka hazionyeshi sana ila hiyo, kwa sababu rangi imezama na uso wa karatasi umebaki ule ule mmoja.

Kina cha weusi na mng'ao wa shaba

Mwanga uliotawanyika huiba pia weusi wa picha. Wapigapicha hupima kina cha weusi kwa logarithimu: mwanga ulioangukia hugawanywa kwa mwanga uliorudi, kisha hutafutwa logi ya jibu hilo. Ikiwa uso wa vinundu humrudishia mtazamaji asilimia 4 ya mwanga, kina chake ni logi ya 25, yaani 1.4. Ikiwa uso laini umeuelekeza mwako kando, na mtazamaji hupata nusu ya asilimia moja tu, kina ni logi ya 200, yaani 2.3. Pigmenti ni ile ile, lakini weusi wa kwanza waonekana kama majivu na wa pili kama usiku. Mwalimu aweza kulidhihirisha jambo hili kwa kitambaa chenye maji. Ubao mweusi ukipanguswa, sehemu iliyolowa huwa nyeusi zaidi, kwa sababu maji yamejaza mabonde ya uso na kuufanya laini. Yakikauka, weupeweupe wa vumbi hurudi.

Ajabu nyingine ni mng'ao wa shaba. Picha ikitazamwa kwa upande chini ya taa, sehemu za buluu nzito au za giza hutoa mwako mwekundu ambao haumo katika picha yenyewe. Sababu yake ni kwamba kitu kinachofyonza kwa nguvu nyingi mwanga wa rangi fulani huwa pia na tabia ya kuuakisi mwanga huo kwa nguvu usoni pake, kama metali zifanyavyo. Pigmenti ya buluu itumiwayo zaidi katika wino, iitwayo fthalosianini ya shaba, hufyonza mwanga mwekundu kwa nguvu. Ndiyo maana mwako wa usoni pake huwa mwekundu. Mwanga uliopita ndani na kurudi ni wa buluu, na ule ulioakisiwa usoni ni mwekundu. Tabaka la wino likiwa jembamba mno, mawimbi yaliyoakisiwa juu na chini yake huweza pia kuingiliana na kutoa rangi, kama ilivyo kwa mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Kwa nini taabu hii huvumiliwa

Msomaji aweza kuuliza kwa nini watu wasirudi kwenye wino wa kuyeyuka, ambao hung'aa bila matatizo. Jibu lapatikana katika hesabu nyingine fupi. Rangi iliyoyeyuka ni molekuli mojamoja, na kila molekuli iko wazi kwa mwanga, kwa oksijeni na kwa ozoni. Katika chembe ya pigmenti yenye nanomita 100, molekuli zilizo wazi ni zile za ganda la nje tu. Ganda hilo likiwa na unene wa nanomita 1, ujazo wake ni 1 kutoa (98 ÷ 100)³, yaani asilimia 6 hivi. Asilimia 94 zimo ndani, zikikingwa na wenzao. Ganda likiharibika, rangi bado ipo.

Wachapaji waliyajua haya kwa gharama. Mwaka 1991 mwanamuziki na mpigapicha Graham Nash alianzisha huko California, Marekani, nyumba ya uchapaji wa picha za sanaa, Nash Editions, iliyotumia mashine ya Iris ya kurusha wino. Picha zilikuwa nzuri mno, lakini wino wa mwanzo wa mashine hizo ulikuwa wa kuyeyuka na haukuwa wa kudumu. Hivyo ukaanza utafutaji wa wino ulio bora. Mwaka 2000 kulitokea kisa kingine. Printa mpya za wino wa kuyeyuka ziliuzwa kwa ahadi ya picha za kukaa miaka mingi, lakini baadhi ya picha zilizotundikwa bila kioo juu ya karatasi ya vitundu ziligeuka rangi ya machungwa baada ya majuma machache. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkosaji alikuwa hewa, hasa ozoni. Vile vitundu vilivyoikausha picha upesi viliipa hewa njia ya kuifikia rangi, na rangi ya samawati ikavunjika kabla ya nyingine. Mwaka huo huo Epson ilitoa printa ya Stylus Photo 2000P, miongoni mwa printa za kwanza za mezani zilizochapa picha kwa wino wa pigmenti. Rangi zake hazikuwa kali kama za wino wa kuyeyuka, lakini zilidumu.

Kwa nchi zilizo karibu na ikweta jambo hili lina uzito wa pekee. Vipimo vya uimara wa picha, kama vile vilivyoenezwa na mtafiti Mmarekani Henry Wilhelm, huchukulia kwamba picha iliyotundikwa nyumbani hupata mwanga wa luksi 450 kwa saa 12 kila siku. Kwa mwaka mmoja jumla yake ni luksi-saa milioni 2 hivi. Lakini jua la mchana lisilo na wingu hufikia luksi 100,000. Picha iliyoangukiwa na jua hilo kwa saa 20 tu imepata mwanga wa mwaka mzima! Kadhalika vipimo hivyo huchukulia chumba chenye nyuzi 24 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 60, hali ambayo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam aweza kuitamani kwa miezi mingi ya mwaka. Muda wa miaka ulioandikwa katika bahasha ya karatasi haukupimwa katika baraza inayopigwa na jua.

Hata pigmenti hazilingani. Kaboni nyeusi ni imara mno, ilhali za njano aghalabu ndizo dhaifu. Uimara nao si sifa ya wino peke yake: ni wa wino, karatasi na mahali kwa pamoja.

Dawa zilizopatikana

Dawa ya kwanza ni ile gundi ya watu wa kale. Chembe za pigmenti za kisasa huvikwa au huchanganywa na resini, ambayo ni polima angavu. Maji yakizama, resini hushikamana na kufanya utando mwembamba uzibao nafasi baina ya chembe. Changarawe imemwagiwa saruji nyepesi, na sakafu imerudi kuwa karibu laini. Utando huo hupunguza kukwaruzika pia.

Dawa ya pili ni wino usio na rangi. Kuanzia mwaka 2004 hivi ziliuzwa printa zenye chombo cha ziada cha resini angavu, ambayo hurushwa mahali palipo peupe na penye wino haba, ili uso wote upate mng'ao mmoja. Utando huo hupunguza vilevile mng'ao wa shaba.

Dawa ya tatu ni kuwa na nyeusi mbili. Nyeusi ya karatasi isiyong'aa ina kaboni nyingi; ikitiwa juu ya karatasi ya kung'aa haishiki, hata kidole huifuta kama wanja. Nyeusi ya karatasi ya kung'aa ina resini ya kutosha. Anayechagua aina ya karatasi isiyo sahihi katika mpango wa kuchapia huletewa nyeusi isiyofaa, akailaumu mashine bure.

Dawa ya nne, iliyo nyepesi kuliko zote, ni kuchagua karatasi yenye mng'ao wa wastani, ambayo uso wake una mikunjo midogo ya makusudi. Mikunjo hiyo huficha tofauti za mng'ao bila kuondoa kina chote cha weusi.

Lipo pia jambo la subira. Wino una gliseroli au vimiminika vya jamii yake ambavyo havivukizi upesi kama maji. Picha ionekanayo kavu bado inavitoa kwa saa nyingi, au hata kwa siku kadhaa. Ikifungiwa mara moja nyuma ya kioo, mvuke huo huganda juu ya kioo kama ukungu. Yafaa picha iachwe wazi kwa siku moja angalau, mahali pasipo vumbi wala jua, kabla ya kutiwa katika fremu.

Majaribio mawili kwa darasa

Jaribio la kwanza lahitaji mkaa, maji, gundi ya maji, na jalada la kung'aa la gazeti la zamani. Mkaa usagwe mpaka uwe unga laini kabisa, ukorogwe majini, na mchanganyiko ugawanywe sehemu mbili. Sehemu moja iongezwe gundi, nyingine iachwe. Kila moja ipakwe kwa brashi mahali pake juu ya jalada na kuachwa ikauke. Wanafunzi wasugue kila doa kwa kidole, kisha walitazame kwa upande kuelekea dirishani. Waandike ni lipi linafutika, ni lipi linang'aa, na ni lipi lililo jeusi zaidi, na watoe sababu.

Jaribio la pili lahitaji subira. Karatasi nyeupe ipakwe mstari wa maji ya choya na mstari wa mkaa wenye gundi. Nusu ya kila mstari ifunikwe kwa kadi nene, na karatasi iwekwe juani kwa majuma manne. Kadi ikiondolewa, wanafunzi walinganishe nusu zilizofunikwa na zile zilizokuwa wazi. Wakiweka kumbukumbu ya saa za jua, wataweza kukadiria luksi-saa zilizoangukia karatasi na kuzilinganisha na miaka ya picha iliyo ukutani.

Wino wa pigmenti, basi, hudumu kwa sababu hauyeyuki, na kwa sababu hiyo hiyo hauzami. Kitu kisichozama hukaa juu, na kikaacho juu huonekana, huguswa na hukwaruzwa. Resini, karatasi ifaayo na uangalifu wa mwenye picha huipunguza gharama hiyo bila kuifuta. Kwa picha ya tangazo litakalobanduliwa baada ya wiki mbili, wino wa kuyeyuka watosha na mng'ao wake hauna mfano. Kwa picha ambayo wajukuu watatakiwa kuitambua sura iliyomo, viraka vichache vya mng'ao vinavyoonekana kwa upande ni bei nafuu, mradi picha hiyo isitundikwe mkabala wa dirisha.